SAUTI YA MWALIMU KATIKA FAILI DOGO: JINSI YA KUBANA DARSA BILA KUPOTEZA HERUFI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukurani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Mara nyingi tumeulizwa maswali mawili. La kwanza: inakuwaje darsa ya saa nzima iingie katika faili dogo linalotumwa kwa simu kwa dakika chache? La pili: kwa nini walimu wenu walilazimika kuirekodi upya Juzuu Amma, hali ya kuwa ilikwisha kurekodiwa na mzee wetu? Maswali haya mawili jibu lake ni moja, na katika jibu hilo mna kosa letu sisi walimu. Tumeona ni bora tulieleze wazi, ili elimu ipatikane na kosa lisirudiwe.

CHANZO CHA JAMBO LENYEWE

Kila anayeijua nchi yetu anajua umbali wake. Mji wa Mbinga uko juu milimani, nchi ya Wamatengo, ya kahawa na mashamba ya ngoro. Ziwa Nyasa liko chini kabisa. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ni kiasi cha kilomita 66. Ukifika hapo bado hujafika, kwani vijiji vimeufuata ufuko kwenda kaskazini, kupita Liuli mpaka Lituhi. Waislamu katika vijiji hivyo tumetawanyika, nyumba mbili hapa na tatu pale, na walimu wa Qur'ani ni wachache kuliko watoto wanaotaka kusoma.

Mwaka 2019 tulimwendea mzee wetu, aliyetusomesha wengi wetu, tukamwomba atusomee Juzuu Amma yote, sura 37, polepole, kila aya mara mbili, ili watoto wa ufukweni wamfuatishe. Alikuwa hawezi tena safari. Alikubali, akasoma kwa siku nne baada ya sala ya Alasiri, na sisi tukamrekodi. Jumla ilikuwa saa tatu.

Mafaili yake yalikuwa makubwa mno, kiasi cha megabaiti elfu moja. Mtandao wa ufukweni ulikuwa dhaifu na bando ni fedha. Basi tukatafuta programu ya kubana sauti, tukaiamuru ibane kwa kiwango cha chini kabisa. Megabaiti elfu moja zikawa nane tu. Tulifurahi sana. Tukayatuma mafaili, kisha tukafuta yale ya asili ili kompyuta ipate nafasi.

Haukupita muda mrefu mzee wetu akafariki dunia. Mwenyezi Mungu amrehemu na amfanyie kaburi lake kuwa na nuru.

Tulipoteremka ziwani baadaye kuwasikiliza watoto, tulikuta wamehifadhi vizuri, lakini wakisoma "Kausar" badala ya "Kauthar". Tukadhani ni uzembe, tukaanza kukemea. Mtoto mmoja akanyoosha simu ya mama yake akasema, "Ustadh, shikamoo, samahani. Babu ndivyo anavyosoma humu." Tukaisikiliza. Wallahi, ndivyo ilivyosikika. Si kwamba mzee alikosea, kwani sisi tulikuwapo akisoma na tulimwona akitoa ncha ya ulimi kwenye meno. Thaa ilitoka kinywani mwake, ila haikufika ufukweni. Sisi ndio tuliyoikata njiani.

Sasa tueleze ilikatwaje.

SAUTI INAKUWAJE NAMBA

Sauti ni mtetemo wa hewa. Kompyuta haiwezi kuhifadhi hewa, inahifadhi namba tu. Kwa hiyo kinasa sauti huupima mtetemo mara nyingi sana katika kila sekunde na kuandika kila kipimo kwa namba. Tukipima mara 48,000 kwa sekunde, na kila kipimo kikachukua baiti mbili, basi sekunde moja ni baiti 96,000. Saa moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo ni megabaiti 345 na ushei. Saa tatu ni kiasi cha megabaiti 1,037. Huo ndio ukubwa wa faili la aina ya WAV, ambalo halijabanwa.

Iko kanuni moja muhimu hapa. Ukipima mara fulani kwa sekunde, unaweza kuhifadhi mitetemo isiyozidi nusu ya idadi hiyo. Anayepima mara 8,000 hapati mtetemo unaozidi 4,000 kwa sekunde. Anayepima mara 16,000 hapati unaozidi 8,000. Kinachozidi kinapotea, wala hakirudishwi tena kwa dawa yoyote.

Simu za kawaida kwa miaka mingi zimepima mara 8,000 tu. Ndiyo sababu mtu akikutajia jina geni kwa simu unamuuliza, "Umesema F au S?" naye anajibu, "S ya Songea." Maneno ya kawaida tunayaelewa kwa sababu tunayajua, akili inajaza pengo. Lakini mtoto anayejifunza herufi kwa mara ya kwanza hana cha kujazia.

KODEKI NI NINI

Programu inayobana sauti na kuifungua tena huitwa kodeki. Ziko kodeki za muziki na ziko zilizotengenezwa makusudi kwa ajili ya maneno ya binadamu. Hizi za pili ndizo zinazotuhusu, na kazi yake mwanafunzi wa tajwidi anaweza kuielewa upesi kuliko mtu mwingine, kama tutakavyoona.

(a) Makharij. Katika tajwidi tunafundishwa kuwa kila herufi ina mahali pake pa kutokea: kooni, ulimini, midomoni, puani. Wanazuoni wetu walilifanyia kazi jambo hili mapema mno. Al-Khalil bin Ahmad, aliyeishi Basra katika karne ya pili ya Hijra, alipanga kamusi yake kwa kufuata makharij, akaanza na herufi za koo, ya kwanza ikiwa Ayn. Kodeki ya maneno nayo inafuata njia hiyo. Haiichukulii sauti kuwa kelele yoyote tu, bali inaichukulia kuwa ni pumzi iliyotoka kooni ikapita katika umbo la kinywa. Inakadiria umbo la kinywa, kisha inakadiria pumzi iliyopita humo.

(b) Hams na jahr. Tunajua pia ziko herufi 10 za hams, ambazo pumzi hupita nazo: faa, haa, thaa, haa nyepesi, shin, khaa, swad, sin, kaf na taa. Nyingine ni za jahr. Kodeki nayo hutenganisha sauti inayotetemesha koo na ile iliyo pumzi tupu. Mgawanyo wake haulingani kila herufi na ule wa tajwidi, lakini unakaribiana nao. Sauti inayotetemesha koo hujirudia, kwa hiyo kodeki hukumbuka duru iliyopita na kusema, "rudia hiyo hiyo". Ndiyo maana madda ndefu na ghunna hazigharimu sana. Sauti ya pumzi tupu kama sin haijirudii, ni kama mvua juu ya bati, na hiyo ndiyo ngumu kuibana.

(c) Kukisia na kusahihisha. Mwanafunzi aliyehifadhi anapofanya murajaa mbele ya mwalimu, mwalimu hana haja ya kumsomea sura yote. Mwanafunzi anasoma, na mwalimu anasema pale tu anapokosea. Kodeki hufanya vivyo hivyo. Kwa kuwa sauti haibadiliki ghafla, kipimo kinachofuata huweza kukisiwa kutokana na vilivyotangulia. Programu ya mtumaji na ya mpokeaji zote zinakisia kwa kanuni moja, na kinachotumwa ni masahihisho tu.

(d) Daftari la pamoja. Ukimwambia hafidh "Suratul Baqara, aya ya 255", umemtajia jina na namba tu, naye atakusomea Ayatul Kursi yote, kwa sababu anayo kifuani. Kodeki nyingi za maneno zimefuata njia hii. Mtumaji na mpokeaji wana daftari moja lenye vipande vya sauti vilivyopewa namba. Hakitumwi kipande, inatumwa namba yake. Njia hii ilielezwa mwaka 1985 na wataalamu wawili, Manfred Schroeder na Bishnu Atal. Wakati huo kompyuta kubwa kabisa ilihitaji zaidi ya dakika mbili kubana sekunde moja ya maneno. Leo simu ya mkononi inafanya kazi ya namna hiyo huku unazungumza.

Yote hayo hufanywa kipande kwa kipande, na kwa kawaida kila kipande ni sehemu moja ya 50 ya sekunde.

TULIKOTOKA

Wazazi wetu wanakumbuka kanda za kaseti. Mwaka 1961 Misri ilianza kutoa msahafu mzima uliorekodiwa kwa tartili, kwa sauti ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, na sauti hiyo ikafika dunia nzima kwa redio na kanda. Kwetu Afrika Mashariki mihadhara ya masheikh, akiwemo Sheikh Nassor Bachu wa Zanzibar aliyefariki mwaka 2013, ilisambaa kwa kaseti kutoka mkono hadi mkono. Anayekumbuka kaseti anakumbuka pia kwamba kanda iliyonakiliwa kutoka kanda iliyonakiliwa ilikuwa na mvumo mwingi na maneno machache. Tulishike jambo hilo, tutalirudia.

Mwaka 2003 ilitoka kodeki ya maneno iitwayo Speex, iliyotengenezwa na Jean-Marc Valin chini ya taasisi ya Xiph.Org. Ilikuwa ya bure na huria, kila mtu aliruhusiwa kuitumia bila kulipa. Ilikuja na programu ndogo ya amri iitwayo speexenc, ambayo mtu aliiambia achague njia nyembamba ya vipimo 8,000 kwa sekunde, njia pana ya 16,000 au pana zaidi ya 32,000, na ubora kuanzia 0 hadi 10. Mwaka 2012 ikatoka kodeki nyingine iitwayo Opus, ambayo Valin ni mmoja wa waliyoitengeneza, nayo ikachukua nafasi ya Speex. Watengenezaji wa Speex wenyewe wanawashauri watu watumie Opus. Na nyinyi mnaitumia kila siku bila kujua, kwani ujumbe wa sauti wa WhatsApp umebanwa kwa Opus. Programu yake ndogo ya amri inaitwa opusenc, na hiyo ndiyo tunayoitumia hapa chuoni.

KWA NINI PROGRAMU YA AMRI

Wanafunzi wamezoea programu zenye picha na vitufe. Hii haina kitufe hata kimoja. Unafungua dirisha jeusi, unaandika amri kwa herufi, unabonyeza Enter, basi. Wengine huona ni mambo ya kizamani. Sisi tumeipendea mambo matatu. Kwanza, inafanya kazi hata katika kompyuta kuukuu kama zetu. Pili, amri moja huweza kubana sura zote 37 wakati wewe unakwenda kusali. Tatu, amri huandikwa katika daftari, na anayekuja baada yako akaifanya vile vile bila kuongeza wala kupunguza. Lau tungeiandika mwaka ule, tungelijua kosa letu mapema.

Anayetumia Linux ya Ubuntu ataipata kwa kuandika:

sudo apt install opus-tools

Anayetumia Windows ataipakua katika intaneti na kuiweka katika folda moja pamoja na mafaili yake ya sauti. Kisha ataandika:

opusenc --bitrate 24 --speech --downmix-mono kauthar.wav kauthar.opus

Sasa tuifanyie amri hii iirabu, kama tunavyofanya jumla ya Kiarabu.

Neno opusenc ni jina la programu, ndiye anayeamrishwa.

Neno --bitrate 24 ni kiasi cha matumizi, yaani kilobiti 24 kwa kila sekunde. Biti nane ni baiti moja, kwa hiyo ni baiti 3,000 kwa sekunde, na saa moja inakuwa megabaiti 10.8.

Neno --speech linaiambia programu kuwa hii ni sauti ya msemaji, ili ielekeze hesabu zake huko.

Neno --downmix-mono linachanganya sauti ya kushoto na ya kulia ziwe moja. Msomaji ana kinywa kimoja, hatuna haja ya kulipia viwili.

Neno kauthar.wav ni faili la asili linaloingia, na kauthar.opus ni faili jipya linalotoka. La kuingia hutangulia, la kutoka hufuata. Majina yasiwe na nafasi katikati, na kila faili lipewe jina la sura yake, si "rekodi mpya 3".

Mwenye sura nyingi katika folda moja ya Windows ataandika mara moja tu:

for %f in (*.wav) do opusenc --bitrate 24 --speech --downmix-mono %f %~nf.opus

Maana yake: kwa kila faili la WAV lililomo humu, libane, na jipya lichukue jina lile lile ila mwisho wake uwe opus.

KOSA LETU LILIKUWA WAPI

Kosa lilikuwa katika namba moja. Mahali pa 24 sisi tuliandika 6, ambacho ndicho kima cha chini kabisa cha Opus. Kwa kima hicho saa moja ni megabaiti 2.7 tu. Lakini programu inapopewa kidogo namna hiyo, inaamua yenyewe kupunguza mahitaji: inaacha mitetemo yote inayozidi 4,000 kwa sekunde, kama simu ya zamani, ili kidogo ilichonacho kitoshe kwa yaliyobaki. Irabu zinabaki, lahani inabaki, hata sauti ya mtu unaitambua kuwa ni ya fulani. Kinachokwenda ni herufi za pumzi, kwa sababu nguvu ya sin na swad iko juu ya hapo, na tofauti ya thaa, faa na sin iko huko huko juu.

Kwa watoto wetu hasara ilikuwa kubwa zaidi. Katika lugha zetu nyingi za huku hamna thaa, na hata Kiswahili chetu cha bara kinasema "selasini" kwa thelathini na "samani" kwa thamani. Masikio yao yaliposikia sauti isiyo thaa wala sin, yaliichukua ile waliyoizoea. Si kosa lao.

Asije mtu akasema ni jambo dogo. Ithm kwa thaa ni dhambi, na ism kwa sin ni jina. Sayf kwa sin ni upanga, na swayf kwa swad ni majira ya joto. Suratun Naas ina aya sita, na kila aya inaishia na sin. Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Suratul Muzzammil, aya ya 4, ameamrisha Qur'ani isomwe kwa tartili, na wanazuoni wameeleza kuwa miongoni mwa tartili ni kuipa kila herufi haki yake. Sisi tulizidhulumu herufi ili tuokoe megabaiti 24.

Ndiyo, hizo tu. Saa tatu kwa kilobiti 6 ni megabaiti 8.1. Kwa kilobiti 24 zingekuwa 32.4. Tofauti yake ni ndogo kuliko video moja ya mzaha inayorushwa katika makundi yetu kila siku. Katika Suratul Furqan, aya ya 67, waja wema wamesifiwa kuwa katika matumizi yao hawafanyi israfu wala ubakhili, bali hukaa katikati. Aya inazungumzia mali, lakini adabu yake inafaa hapa: megabaiti elfu ni israfu kwa mzazi mwenye bando dogo, na nane ni ubakhili kwa herufi za Qur'ani.

KILICHOOKOKA

Kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Namba 6 ingeweza kusahihishwa kwa dakika kumi kama mafaili ya asili yangekuwapo. Tuliyafuta. Na kilichokatwa hakirudi: ukilichukua faili la kilobiti 6 ukalibana tena kwa 24, unapata faili kubwa lenye upungufu ule ule, na juu yake upungufu mpya. Ni kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti.

Tulitafuta kila mahali. Katika memori kadi ya simu iliyorekodi tulikuta kazi ya siku ya mwisho, sura 22, kuanzia Wadh-Dhuha hadi An-Naas, sauti safi kama ilivyotoka. Tulimshukuru Mwenyezi Mungu, tukazibana upya kutoka asili, na Suratul Kauthar ilipowafikia watoto ufukweni wakaisikia thaa ya babu. Sura 15 zilizotangulia, kuanzia An-Naba hadi Wal-Layl, hazikupatikana. Hizo zimesomwa upya na mwalimu mwingine, na amezisoma vizuri. Lakini sauti ya mzee wetu katika sura hizo imebaki kama mtu anayesoma nyuma ya ukuta. Tunayo, hatuifuti, ila hatufundishii.

MAMBO YA KUZINGATIA

1. Rekodi vizuri kwanza. Hakuna programu inayotengeneza kilichorekodiwa vibaya. Weka simu au maikrofoni shubiri moja na nusu kutoka kinywani, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Funga dirisha, zima feni, na usirekodi wakati wa mvua chini ya bati.

2. Rekodi kwa WAV ikiwezekana. Programu nyingi za simu zina nafasi ya kuchagua. Baadhi ya simu za zamani hurekodi kwa AMR, nayo hupima mara 8,000 tu kwa sekunde, kwa hiyo herufi zimekwisha kukatwa kabla hujaanza.

3. Asili haifutwi. Iwekwe mahali pawili tofauti, na kimoja kisiwe chumba kimoja na kompyuta. Faili lililobanwa ni la kusafiri, la asili ni la kukaa.

4. Bana mara moja tu, kutoka asili. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp umekwisha kubanwa, utume kama ulivyo.

5. Kwa Qur'ani usishuke chini ya 24. Mawaidha na matangazo ya chuo yanaweza kuwa 16, yaani megabaiti 7.2 kwa saa, nayo yatasikika vizuri.

6. Simu za tochi ambazo hazijui Opus zipewe MP3, ibanwe kutoka WAV ile ile kwa programu ya amri iitwayo lame:

lame -m m -b 48 kauthar.wav kauthar.mp3

Faili litakuwa kubwa mara mbili ya lile la Opus, lakini litafunguka.

7. Sikiliza kabla ya kutuma. Fungua msahafu, vaa spika za masikioni, fuatisha herufi kwa herufi, hasa zile 10 za hams. Tena mpe mwingine asikilize, asiyekuwapo wakati wa kurekodi. Wewe uliyekuwapo masikio yako yanakumbuka na yatakudanganya, kama yalivyotudanganya sisi.

MWISHO

Wazazi wetu, tunapenda lieleweke hili: faili la sauti ni msaidizi wa mwalimu, si mwalimu. Qur'ani imepokewa kwa kusomewa na kusikilizwa, kinywa kwa kinywa, kila mwanafunzi kwa mwalimu wake, hadi kufika kwa Mtume (S.A.W.). Faili linasoma lakini halisikilizi. Halitamwambia mtoto kuwa amekosea. Kwa hiyo tutaendelea kutuma, na tutaendelea kuteremka ziwani kuwasikiliza inshaallah, na nyinyi wa ufukweni msichoke kutupokea.

Kwa yule mtoto aliyetunyooshea simu siku ile, tunasema mbele ya wote: wewe ulikuwa sahihi na sisi tulikosea, na tulikukemea bila ya haki. Utusamehe. Na wanafunzi wengine wachukue funzo: kumsahihisha mwalimu kwa adabu si utovu wa adabu.

Wallahu A'lam. Wabillahit Tawfiq.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Darsa ya nusu saa iliyobanwa kwa kilobiti 16 kwa sekunde itakuwa megabaiti ngapi?
2. Taja herufi 10 za hams, kisha eleza kwa nini sin hupotea kabla ya madda.
3. Mwenzako ana faili la kilobiti 6 na anataka kulibana upya kwa 24 ili lisikike vizuri. Utamjibu nini?
4. Keti na mzazi wako, mrekodi akisoma Suratun Naas, kisha mhesabu pamoja sin mlizozisikia.